Iandikwe

Viatu vyake bado ninavyo.
Vyeusi, vya kamba, namba tisa,
soli ya kulia imelika upande mmoja
kwa kuwa mkono wa kulia ndio uliobeba taipureta
kutoka Kiboriloni hadi mahakamani,
kutoka mahakamani hadi Uru, kupanda,
miaka kumi na tisa.

Mimi fundi viatu. Watu nawajua kuanzia chini.
Wengine watakusimulia sauti yake,
siku ile alipowaambia wachambua kahawa
wasirushe jiwe, wakae tu,
hadi mizani ipimwe upya mbele ya macho yao.
Walikaa siku nne. Masika yakawakuta pale pale.
Mimi sikuwapo, nilikuwa na foleni ya viatu vya shule.
Nilichokiona ni kandambili zao siku ya tano,
zimekuja kushonwa na tope lake,
na wenyewe wanabishana bei
kwa sauti ya watu walioshinda.

Elisaria Mmbando. Hakuwa mwanasheria.
Alikuwa karani wa bohari la mbolea,
akafukuzwa kwa kuuliza
gunia la kilo hamsini lina kilo ngapi.

Kwangu alikuja mara ya kwanza kisigino kimeng'oka.
Nikamwambia, "Acha, njoo Alhamisi."
Hakuondoka. "Nipe karatasi."
"Kaka, mji wenyewe huu, si tunajuana?"
"Ndiyo maana," akasema.
"Anayekujua hukudhulumu huku anakuamkia.
Iandikwe."

Nikakata boksi la sabuni, nikaandika: moja.

Neno lenyewe ndilo hilo, hotuba sikumbuki.
Aliwapelekea wajane wa Kibosho
waliotolewa kihambani kabla matanga hayajaanuliwa,
shemeji keshang'oa masale ya mpaka.
Akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa,
taipureta mapajani:
"Taja migomba yako. Mmoja mmoja.
Nani aliupanda, na mwaka gani."
Ndeanasia akataja migomba sitini na mitatu.
Hakimu alichoka kusikiliza
kabla yeye hajachoka kutaja.
Yupo pale hadi leo, na mgomba wa sitini na nne.

Malaika hakuwa, nisije nikaandika uongo.
Deni langu alilipa kwa vipande, kwa hasira.
Mkewe, Aikande, aliilisha nyumba
kwa ndizi mshare za kuuza stendi,
na hakuna mkutano uliowahi kumpigia makofi.
Mara mbili walimlaza rumande.
Ya pili alitoka viatu vikiwa wazi, kamba wamezichukua.
Akanunua mpya kwangu.
Akadai risiti.

Jumanne moja ya Mei akaniachia hivi,
akaenda zake na ndala.
Nikampa tikiti, namba elfu nne mia moja na kumi na mbili.
Ijumaa moyo wake ukasimama
katikati ya barua ya mtu mwingine.

Walimzika na viatu vipya, sijui vya nani.
Soli zimenyooka kama rula.
Nilichungulia jenezani nikasema kimoyomoyo:
huyu siye.

Juzi wamekuja wa kamati, suti mbili na mpiga picha.
Wanavitaka kwa kabati la kioo.
Nikanyoosha mkono. "Tikiti."
Wakacheka. "Fundi, sisi si unatujua?"
"Ndiyo maana."

Vumbi la gari lao halijatua
akaingia binti wa kiwandani, buti la mvua limepasuka.
Sijafungua mdomo, kiganja chake kiko mbele yangu,
kinangoja karatasi.
Kazaliwa baada ya mazishi yale.
Nikamuuliza, nani kakufundisha?
Akanishangaa, kama nimemuuliza
nani kamfundisha kupumua.
"Kwani si ndivyo inavyofanywa?"

Nikatafuta mkasi. Nikakata boksi.